Andika Kilichotokea: Hotuba kwa Watengenezaji wa Programu za Soka

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa watengenezaji wa programu. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha nilizokuwa nikizionyesha ukutani nimeziacha, na hamjakosa kitu.

Ndugu zangu, wapenzi wa soka na wapenzi wa kompyuta, na nyinyi mnaougua maradhi yote mawili kwa mpigo, asanteni kwa kuja.

Nina swali. Nani alifunga hatriki ya kwanza katika historia ya Kombe la Dunia?

Nasikia mmoja pale nyuma anamtaja Stábile. Ungejibu hivyo mwaka 2005, ungepewa alama zote. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja Guillermo Stábile wa Argentina, aliyeifunga Mexico mabao matatu tarehe 19 Julai 1930. Lakini siku mbili kabla yake Marekani iliifunga Paraguay 3-0, na katika mabao hayo moja lilikuwa na utata, bao la pili. Kumbukumbu nyingine zilimpa Tom Florie, nahodha wa Marekani. Nyingine zilisema mchezaji wa Paraguay alijifunga. Nyingine zilimpa Bert Patenaude. Mnamo Novemba 2006 FIFA ikakata shauri: bao ni la Patenaude, na hatriki ya kwanza ni yake. Mwenyewe hakulisikia hilo. Alishafariki mwaka 1974.

Sasa tulieni hapo kidogo. Mechi ilichezwa mwaka 1930. Kipenga kikapulizwa, watu wakaenda zao. Hakuna aliyegusa mpira ule tena. Na bado takwimu za mechi hiyo zikabadilika miaka 76 baadaye. Programu yako ingefanya nini siku hiyo? Ungelifuta jina la Florie ukaandika la Patenaude? Na ile jumla ya mabao ya Florie uliyoihifadhi kwenye ukurasa wake, nani angeipunguza? Na Stábile, uliyemvika taji la "wa kwanza" kwa mkono wako, nani angemvua?

Nitasema mambo kadhaa leo, lakini yote yana mzizi mmoja. Programu ya soka iandike kilichotokea. Hukumu ihesabiwe. Nani bingwa, nani mfungaji bora, nani wa kwanza, nani wa mwisho: hizo zote ni hukumu. Mpira uliingia wavuni dakika fulani, mchezaji fulani alitoka fulani akaingia: hayo ndiyo matukio. Andika matukio. Hukumu ihesabiwe kila inapoulizwa.

Tukipewa kazi ya kutengeneza programu ya ligi, wengi wetu kitu cha kwanza tunachokichora ni msimamo. Timu, imecheza, imeshinda, imetoka sare, imepoteza, mabao, pointi. Tunatengeneza jedwali lenye safu hizo, na kila mechi ikiisha programu inaongeza moja hapa na tatu kule. Inapendeza. Inafanya kazi wiki ya kwanza, ya pili, ya kumi. Halafu chama cha soka kinafuta matokeo ya mechi kwa sababu timu fulani ilimchezesha mtu asiyestahili, na hapo ndipo unapogundua kwamba una pointi 31 na hujui ipi ilitoka wapi. Ligi ya timu 20 ina mechi 380 kwa msimu mzima. Hata simu ya mkononi inazijumlisha zote kabla hujapepesa macho. Kwa hiyo unahifadhi msimamo wa nini? Msimamo usihifadhiwe. Msimamo uhesabiwe.

Na kuna sababu kubwa kuliko hiyo. Kanuni ya kuhesabu yenyewe hubadilika.

Twende Uingereza, msimu wa 1923/24. Huddersfield Town na Cardiff City walimaliza ligi wakiwa na pointi 57 kila mmoja. Huddersfield walifunga 60 wakafungwa 33. Cardiff walifunga 61 wakafungwa 34. Toeni wenyewe: wote wawili wana 27 za ziada. Kwa kanuni tuliyoizoea sasa, tofauti ya mabao ikilingana tunatazama aliyefunga mengi, na Cardiff wangekuwa mabingwa. Lakini wakati ule Uingereza haikutoa, iligawanya. Sitini kwa 33 ni 1.818. Sitini na moja kwa 34 ni 1.794. Huddersfield wakachukua ubingwa kwa tofauti isiyofika hata 0.03, na Cardiff, ambao siku ya mwisho walikosa penalti wakatoka 0-0 na Birmingham, hawajawahi kuupata hadi leo.

Ngojeni, haijaisha. Enzi zile ushindi ulikuwa pointi mbili. Huddersfield walishinda mechi 23 na kutoka sare 11. Cardiff walishinda 22 na kutoka sare 13. Wape pointi tatu kwa kila ushindi: Huddersfield 80, Cardiff 79. Ubingwa unarudi Huddersfield, safari hii bila kugawanya chochote. Mechi ni zilezile. Mabao ni yaleyale. Kanuni ikibadilika, bingwa anabadilika, halafu anabadilika tena. (Mtu atasema timu zingecheza tofauti kama zingejua kanuni ni tofauti. Ni kweli, na ndiyo maana programu isijaribu kuwa nabii. Ihesabu kwa kanuni ya msimu husika, basi.)

Uingereza iliacha kugawanya mabao na kuanza kutoa kuanzia msimu wa 1976/77. Pointi tatu kwa ushindi zilianza huko mwaka 1981, na Kombe la Dunia likazifuata mwaka 1994. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilianza kutumia kanuni ya bao la ugenini (timu zikilingana kwa jumla, anapita aliyefunga mengi ugenini) katikati ya miaka ya 1960, ikaifuta mwaka 2021. Sasa wewe umekaa kwenye kiti chako unaandika ndani ya msimbo: ushindi ni pointi tatu. Umeiandika sehemu ngapi? Siku mtu akikuletea data ya mwaka 1950, utazitafuta zote?

Kanuni zitoke ndani ya msimbo. Ziwe data kama data nyingine. Kila mashindano, kila msimu, yawe na rekodi yake inayosema: ushindi pointi ngapi, timu zikilingana tunatazama nini kwanza, nini pili, nini tatu, kuna muda wa ziada au hakuna. Mkidhani natia chumvi, sikilizeni kilichotokea Barbados.

Tarehe 27 Januari 1994, kufuzu Kombe la Karibi, Barbados wanacheza na Grenada. Waandaaji walikuwa wameweka kanuni mbili. Ya kwanza, hakuna sare: mechi ikilingana, inaingia muda wa ziada, na atakayefunga bao la dhahabu, yaani bao la kwanza ambalo linamaliza mechi palepale, ndiye mshindi. Ya pili, na hapa ndipo kichekesho, bao hilo la dhahabu linahesabiwa kuwa mawili. Barbados walihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili ili wasonge mbele. Waliongoza 2-0. Dakika ya 83 Grenada wakapata moja. Muda unayoyoma, Barbados hawalioni bao la tatu. Mtu akapiga hesabu: tukilazimisha sare, tunapata dakika 30 zaidi, na bao moja litatosha kwa mawili. Dakika ya 87 beki wa Barbados akapasiana na kipa wake, kisha akautia mpira kwenye wavu wao wenyewe. 2-2.

Grenada wakaelewa. Wao kushinda 3-2 kungewatosha, na kufungwa 3-2 pia kungewatosha. Kwa hiyo wakaanza kushambulia magoli yote mawili, na Barbados wakawa wanalinda magoli yote mawili, lao na la mpinzani. Dakika zote zilizobaki zilikwenda hivyo. Muda wa ziada ukafika, Barbados wakafunga, matokeo yakaandikwa 4-2.

Hebu fungueni daftari la mabao la mechi hiyo. Mpira uliingia kwenye lango la Grenada mara tatu. Uliingia kwenye lango la Barbados mara mbili. Tatu na mbili. Matokeo rasmi: nne kwa mbili. Kama uliweka kizuizi kwenye hifadhidata yako kinachosema jumla ya matukio ya mabao lazima ilingane na matokeo, na wengi tunakiweka na ni kizuri, mechi hii itakataliwa. Utafanyaje? Utabuni bao la nne na kumpa mtu ambaye hakulifunga? Hapana. Bao linabaki moja, lenye mfungaji mmoja na dakika moja. Thamani yake kwenye matokeo inatoka kwenye kanuni ya mashindano.

Nimefika kwenye jambo ninaloliona gumu kuliko yote, nalo ni hili: matokeo ni nini?

Mnacheka. Matokeo si namba mbili na kistari katikati? Haya.

Novemba 1973, Chile na Umoja wa Kisovyeti wanagombea nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza Moscow imeisha 0-0. Ya marudiano imepangwa Uwanja wa Taifa jijini Santiago, uwanja ambao baada ya mapinduzi ya Septemba mwaka huo ulikuwa umegeuzwa mahali pa kufungia watu. Wasovyeti wakakataa kucheza hapo. Tarehe 21 Novemba Chile wakaingia peke yao. Mwamuzi akapuliza kipenga, wachezaji wa Chile wakapasiana taratibu hadi mbele ya goli tupu, na nahodha Francisco Valdés akausukuma wavuni. Hapakuwa na mtu wa kuanzisha upya mpira. Mechi ikaishia hapo. Matokeo rasmi yakawa 2-0 kwa Chile.

Uwanjani mpira uliingia mara moja. Kitabuni ni mawili. Je, Valdés ana bao hilo au hana?

Songeni mbele hadi tarehe 9 Oktoba 1996, Tallinn, Estonia na Scotland, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Scotland walilalamikia taa za uwanja, FIFA ikasogeza mechi kutoka jioni hadi alasiri, Estonia wakasema hatuji. Scotland wakapanga kikosi, wakaanzisha mpira, na baada ya sekunde tatu mwamuzi akapuliza mwisho. Wengi walitarajia Scotland wapewe 3-0 ya mezani. FIFA ikaamua irudiwe, na tarehe 11 Februari 1997, huko Monaco, wakatoka 0-0. Programu yako inasema Scotland na Estonia wamecheza mara ngapi kwenye kufuzu ule? Na ile mechi ya sekunde tatu unaifuta? Mimi siifuti. Ilikuwepo. Watu waliingia uwanjani, kuna picha. Naiandika, naiwekea hali yake: ilivunjika, haihesabiwi, iliagizwa irudiwe, na hii hapa ndiyo ya marudio.

Kwa hiyo mechi moja haina tokeo moja. Ina kilichofungwa uwanjani. Ina uamuzi wa mezani, kama upo, pamoja na tarehe yake na chombo kilichoamua. Ina mikwaju ya penalti, kama ilipigwa. Na ina jambo la nne, nani alisonga mbele. Hayo manne tuyatenganishe, kwa sababu kila moja linaweza kusema lake. Nusu fainali ya Ulaya mwaka 1968, Italia na Umoja wa Kisovyeti walimaliza 0-0 hata baada ya muda wa ziada. Matuta hayakuwepo bado. Wakarusha sarafu, nahodha Facchetti akabahatisha, Italia wakaingia fainali. Ukitafuta bao la kuwapitisha hutalipata, maana halipo. Mechi ni sare, na aliyepita ni Italia.

Kwenye matuta ni hivyohivyo. Fainali ya 2022 kati ya Argentina na Ufaransa iko kwenye vitabu kama 3-3, na Argentina wakashinda 4-2 kwa penalti. Mbappé alifunga matatu ndani ya mechi, kisha akafunga mkwaju wake. Alimaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao manane, na mkwaju ule haumo. Mtu akichanganya penalti ya dakika ya 118 na penalti ya matuta kwenye safu moja, Mbappé atapata tisa, na mwenye programu atapigiwa simu na kila mshabiki mwenye muda.

Nipite haraka kwenye majina, ingawa yanatesa.

Timu haitambuliwi kwa jina. Kuna Arsenal London na kuna Arsenal Argentina. Kuna Everton Liverpool na Everton Chile, Barcelona Hispania na Barcelona Ecuador. River Plate iko Buenos Aires, na nyingine iko Montevideo, ng'ambo ya mto uleule. Mpe kila klabu namba yake ya utambulisho isiyo na maana yoyote, kisha majina yawe orodha yenye tarehe: kutoka lini hadi lini iliitwa hivi. Manchester United ya leo ilikuwa Newton Heath hadi mwaka 1902. Nchi nazo zimo. Tarehe 18 Juni 1974 huko Gelsenkirchen, Yugoslavia iliifunga Zaire 9-0. Itafuteni leo mechi hiyo kwa majina ya sasa: hakuna Yugoslavia, hakuna Zaire. Na asije mtu hapa akaniambia ataunganisha Ujerumani zote kuwa moja ili kurahisisha kazi. Siku nne tu baadaye, Hamburg, Ujerumani Mashariki waliifunga Ujerumani Magharibi 1-0, bao la Jürgen Sparwasser. Ukiziunganisha, Ujerumani imejifunga yenyewe na pointi imejichukulia yenyewe.

Wachezaji je? Robert Prosinečki alifunga kwenye Kombe la Dunia la 1990 akiwa na Yugoslavia na la 1998 akiwa na Kroatia. Ukiweka nchi kama sifa ya mchezaji, umeshamkata vipande viwili. Nchi ni sifa ya mchezaji katika mechi hiyo, siku hiyo.

Na kuna historia ambayo hata wenye klabu wanaigombania. Wimbledon walitwaa Kombe la FA mwaka 1988 kwa kuifunga Liverpool 1-0. Mwaka 2003 klabu ikahamishiwa Milton Keynes, mwaka uliofuata ikabadili jina. Mashabiki waliokataa kuhama walikuwa wameshaanzisha AFC Wimbledon mwaka 2002. Kombe la 1988 ni la nani? Kwa miaka kadhaa lilikuwa kwenye rekodi ya klabu ya Milton Keynes, kisha mwaka 2007 wakaliachia, kumbukumbu zikarudishwa Merton, nyumbani kwa Wimbledon ya zamani. Ona basi: mechi haikuguswa, kilichohama ni urithi. Kwa hiyo urithi uwe jedwali lake peke yake, tofauti na klabu na tofauti na mechi. Anayedai, anadai nini, kuanzia lini hadi lini.

Sasa tuongee kuhusu sifuri. Wangapi hapa wanaweka sifuri pale wasipojua idadi ya watazamaji? Msinyanyue mikono, nyuso zenu zinatosha. Mwaka 2020 mechi nyingi zilichezwa viwanja vikiwa vitupu, na watazamaji walikuwa sifuri kweli. Mechi ya mwaka 1911 ambayo gazeti halikutaja watazamaji haina sifuri, ina pengo. Programu isiyotofautisha sifuri na pengo itakuambia wastani wa watazamaji wa mwaka 1911 ni aibu. Acha pengo liwe pengo. Na wastani unapohesabiwa, utaje umetoka kwenye mechi ngapi kati ya ngapi.

Kadi ni mtihani mwingine wa aina hiyo. Mwaka 1962 Garrincha wa Brazil alitolewa uwanjani kwenye nusu fainali dhidi ya Chile. Je, alipata kadi nyekundu? Hakupata, kwa sababu hazikuwepo. Kadi zilianza kwenye Kombe la Dunia la 1970, na wa kwanza kuonyeshwa nyekundu ni Carlos Caszely wa Chile mwaka 1974. Kama tukio umeliita "kadi nyekundu", Garrincha hana pa kukaa. Liite "kutolewa", kisha kadi iwe sehemu ndogo ndani yake ambayo inaweza kuwa tupu. Andika kilichotokea: mtu alitoka.

Dakika. Nawaomba, nawasihi, dakika isiwe namba moja. Fainali ya Mabingwa ya 1999, Bayern wanaongoza 1-0, dakika 90 zimekwisha. Sheringham wa Manchester United anasawazisha, mwenzake Solskjær anamaliza. Mabao hayo ni 90+1 na 90+3. Ukihifadhi 91 na 93, mtu akisoma baadaye atadhani mechi iliingia muda wa ziada, na haikuingia. Na 45+3 ni kabla ya 46, ila ukiiandika 48 kompyuta itaipanga baada yake, kisha utaona mchezaji aliyeingia kipindi cha pili amepata pasi ya bao la kipindi cha kwanza. Weka namba tatu: kipindi, dakika, nyongeza. Kwa kupanga matukio, weka na namba ya mfuatano, kwa sababu mawili yanaweza kutokea ndani ya dakika moja.

Kwa wanaofuatilia mechi moja kwa moja, neno moja tu. Bao likikataliwa na VAR, yaani waamuzi wa video, usilifute. Ongeza tukio jipya linalosema tukio namba fulani limebatilishwa, saa fulani. Aliyekuwa anatazama simu yake aliliona bao hilo, alishangilia, na akirudi akakuta halipo atadhani ana wazimu. Daftari liandikwe mbele tu, lisifutwe nyuma. Mtandao nao ukikatika na kurudi, programu inauliza: nipe kila kitu baada ya tukio namba 57. Rahisi hivyo.

Kabla sijamaliza, kuna mtu mmoja mnapaswa kumjua. Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza. Tarehe 18 Machi 1950 alikuwa akitazama Swindon Town na Bristol Rovers, akakerwa na mashambulizi yasiyozaa kitu, na kipindi cha pili akatoa penseli na daftari akaanza kuandika kila shambulizi. Aliendelea hivyo kwa miongo. Kila pasi, kila eneo, kwa alama alizozibuni mwenyewe. Akagundua kwamba mabao mengi yanatokana na mashambulizi ya pasi tatu au chache zaidi. Akahitimisha: pigeni mpira mrefu.

Mnaona tatizo? Mashambulizi mengi, yawe na bao au yasiwe nalo, huwa ya pasi chache. Lazima mabao mengi yatoke humo. Swali lilikuwa: kati ya mashambulizi mia ya pasi chache na mia ya pasi nyingi, yapi yanazaa zaidi? Namba ya juu, mabao, ipo; ya chini ya kuigawanyia, mashambulizi yote ya aina hiyo, haipo. Na programu zetu zinafanya hivyo kila siku. Zinatuonyesha mabao ya vichwa ni mangapi, bila kusema vichwa vingapi vilipigwa. Reep alijua kuandika, hilo simnyang'anyi. Daftari lake lilikuwa safi, ni hukumu ndiyo iliyoteleza, na watu waliweza kumbishia kwa sababu aliandika vyote, hata mashambulizi yaliyokufa katikati ya uwanja. Kama angeandika mabao peke yake, tungembishia kwa lipi?

Hapo ndipo namrudia Patenaude. Kila tukio kwenye hifadhidata yako libebe chanzo: gazeti gani, ripoti gani, chama gani, liliingizwa lini. Vyanzo vikigombana, viweke vyote, kisha kwenye mpangilio useme programu inaamini kipi kwanza. Anayetaka kumwona mfungaji kwa mujibu wa FIFA amwone, anayetaka kwa mujibu wa magazeti ya wakati ule naye amwone. Klabu ya Santos iliwahi kulalamika Messi aliposemwa kuvunja rekodi ya Pelé ya mabao 643 kwa klabu moja. Wao walihesabu 1,091, pamoja na 448 ya mechi za kirafiki. Nani mkweli? Wote wawili. Aliyekosea ni yule ambaye programu yake ina safu moja tu inayoitwa "mabao" na haina pa kusema mechi ilikuwa ya aina gani.

Mtaniuliza, tuanzie wapi. Anzeni na mashindano madogo yaliyokwisha. Kombe la Dunia la 1930 linafaa sana: timu 13, mechi 18, mabao 70. Yaingizeni kwa mkono, kwenye faili la maandishi ya kawaida ambalo mtu anaweza kulisoma hata programu yenu ikifa. Mtakwama mapema, maana tarehe 13 Julai mechi mbili zilianza kwa wakati mmoja, Ufaransa na Mexico, Marekani na Ubelgiji, na aliyepanga kutumia saa ya kuanza kama utambulisho wa mechi ataanza upya siku hiyohiyo.

1930 ikipita, ilisheni programu mwaka 1950. Makundi hayalingani: mawili ya timu nne, moja la tatu, moja la timu mbili. Na hakuna fainali. Uruguay na Brazil pale Maracanã ilikuwa mechi ya mwisho ya kundi la timu nne, na Brazil sare ingewatosha. Programu inayotafuta bingwa kwa kutafuta mechi iliyoandikwa "fainali" itasema mwaka huo hakukuwa na bingwa.

Halafu 1954. Kundi la timu nne, lakini kila timu inacheza mechi mbili tu, na timu zilizopangwa kuwa vinara hazikutani. Mechi ya kundi ikiwa sare inaingia muda wa ziada, na ikibaki sare inabaki sare. Wawili wakilingana nafasi ya pili, wanacheza tena. Ujerumani Magharibi walifungwa 8-3 na Hungary kwenye kundi, wakapita kwa mechi ya marudio kwa kuifunga Uturuki 7-2, kisha wakaifunga Hungary hiyohiyo 3-2 kwenye fainali. Programu ikimeza 1954 bila kubadilisha hata mstari mmoja wa msimbo, ila kwa kuongeza kanuni kwenye data tu, niiteni nije niione.

Haya, maswali. Tuanze na yule aliyesimama mlangoni, maana namwona anataka kutoroka.